Shangazi wa Mtaa: Kona imechafuka tena na wenzangu wamekimbia

Barua zote nne za safari hii zina harufu ya jalala. Nimezipanga kadiri zilivyonigusa, ndiyo maana ya kwanza nimeijibu nimekaa na ya mwisho nimeijibu nimesimama.

*Shangazi, shikamoo. Miezi mitano iliyopita nilianzisha usafi wa kujitolea mtaani kwetu, Jumamosi asubuhi. Mara ya kwanza tulikuwa watu 43, niliwaandika kwenye daftari. Tulizoa taka kona ya chini penye nguzo ya taa, tukafyeka majani, tukazibua mtaro. Hazikupita siku kumi, kona ikarudi vilevile, na safari hii wakaongeza godoro. Mara ya pili tulikuja 18, mara ya tatu 6, na Jumamosi iliyopita nilikuwa mimi, mdogo wangu, na mzee mmoja ambaye nadhani alituonea huruma. Nafikiria tuweke kibao cha onyo na tutoze faini. Mke wangu anasema niache, watu hawabadiliki. Nishauri.*
*Mwenye Daftari*

Marahaba, mwanangu. Huyo mzee mshike kwa mikono miwili. Amekuja siku isiyo na kelele wala picha, na mtu wa namna hiyo hapatikani kwa tangazo. Wale 43 walikuja kuonana, na siwabezi. Hata mimi siku yangu ya kwanza nilijifunga kilemba kipya, nikarudi nyumbani najiona nimeokoa dunia.

Lakini shida yako haiko kwenye mahudhurio. Mmezoa taka mara nne, na sababu iliyozileta pale hamjaigusa hata mara moja.

Nilikuwa na kona kama yako. Tuliifagia miezi saba, ikawa tunachota maji kwa tenga. Nikachoka kugombana na watu nisiowaona. Nikachukua ndoo, nikaigeuza, nikaikalia nyuma ya ukuta kuanzia saa 11 alfajiri, siku nne mfululizo. Sikwenda kukamata mtu, nilikwenda kuangalia tu.

Siku ya kwanza alikuja mama mwenye mtoto mgongoni. Mfuko wake mdogo ameufunga fundo mbili, akauweka chini taratibu kama anayeweka yai. Hakutupa, aliweka. Siku ya pili akaja kijana wa toroli, yule yule tuliyekuwa tunamlipa nyumba kadhaa atuondolee taka. Akamwaga zote, akaligonga toroli kwa kiganja mara mbili kukung'uta vumbi, akaondoka anapiga mluzi. Siku ya tatu, mwanangu, akaja jirani yangu ambaye Jumamosi iliyotangulia tulikuwa tunapokezana naye reki. Nilijikunyata nyuma ya ukuta, nikaona haya mimi badala yake. Siku ya nne haikuleta jipya zaidi ya kunikumbusha kwamba nina goti bovu.

Nilipowauliza baadaye, mmoja mmoja na kwa upole, jibu lilikuwa lile lile: gari la taka haliingii ndani. Linasimama barabara kubwa, linapiga honi saa ambayo watu wameshaondoka kwenda kazini, linaenda zake. Kona ile ndiyo sehemu iliyo karibu zaidi na barabara na haiko mbele ya mlango wa mtu. Kila mmoja aliacha mfuko wake akiamini gari litaufikia. Mbwa walikuwa wanafika kwanza.

Basi nikamfuata dereva. Sikwenda ofisini, nilimfuata dereva mwenyewe, nikasimama kwenye dirisha la gari. Hakunieleza kwa maneno, alinyoosha kidole. Kwenye njia ya kuingilia mtaani kulikuwa na tawi limeinama, liko chini kuliko paa la gari lake. "Mama, hilo likinivunjia taa nakatwa mimi." Tawi moja! Miezi saba tunapiga reki chini, na tatizo liko juu ya vichwa vyetu. Mwenye mti alikubali, tukalikata asubuhi moja kwa msumeno wa kuazima. Wiki ya tatu gari likaingia. Kona haikugeuka bustani siku hiyo, ila mifuko ilipungua mpaka tukaweza kuihesabu kwa vidole.

Huenda kwako si tawi. Pengine pipa liko mbali, au zamu ya gari imebadilishwa na wapangaji hawakuambiwa, au kuna mwenye fremu anayelipa mtu amwondolee uchafu bila kuuliza unapelekwa wapi. Nenda kaangalie. Hilo godoro, kwa mfano, halikuletwa na mtoto wa shule. Godoro huja na toroli au gari, usiku, na mara nyingi linatoka kwa mtu anayehama. Uliza nani kahama wiki ile.

Watu wakitaka kunitia moyo hunitajia Estonia. Ni kweli, tarehe 3 Mei 2008 watu wapatao 50,000 katika nchi ile ndogo walitoka siku moja wakaokota taka zinazokadiriwa kufikia tani 10,000. Vuguvugu lao lilienea, na mwaka 2023 Umoja wa Mataifa ukaitangaza 20 Septemba kuwa Siku ya Usafi Duniani. Kinachosimuliwa kwa nadra ni kazi iliyotangulia: wenyeji walizunguka misituni na kando ya barabara wakipiga picha na kutia alama kwenye ramani, mpaka wakapata majalala haramu zaidi ya 10,000. Bila ramani ile, watu 50,000 wangekuwa wanapotezana porini na mifuko mitupu mikononi.

Kwa hiyo daftari lako lina kazi, ila umeliandikia visivyo. Acha kuhesabu nani hakuja. Andika siku, saa, kitu gani, kiasi gani, kimekaa upande gani wa nguzo. Wiki nne zikitimia litakuambia mengi kuliko mkutano wa mtaa, na hasa litakuonyesha lipi lenu na lipi la manispaa.

Hapo kwenye "lipi letu, lipi lao" ndipo wengi tunapochoka. Kuna mama mmoja nampenda kwa jambo hili, Jane Addams wa Chicago. Mwaka 1889 yeye na mwenzake Ellen Gates Starr walifungua nyumba ya huduma iliyoitwa Hull House, katikati ya mitaa ya wahamiaji maskini. Taka zilikuwa zinajaa makasha na kufurika njiani. Mwaka 1895 meya akamteua kuwa mkaguzi wa taka wa kata ile, naye akawa anaamka saa 12 asubuhi kuyafuata magari ya taka, ahakikishe yanaanza kazi mapema na yanafika dampo. Katika kichochoro kimoja waligundua kwamba chini ya uchafu, karibu sentimita 45 kwenda chini, kumbe kuna barabara iliyosakafiwa ambayo wote walikuwa wameisahau! Yeye akaondoa kama sentimita 20 za juu, kisha akaweka mikono kiunoni: zilizobaki ni kazi ya mkuu wa barabara. Yule akakataa. Mama akampandisha meya kwenye kigari chake cha farasi, akampeleka mpaka mdomo wa kichochoro akajionee mwenyewe, na meya akampa haki.

Hizo sentimita 20 ndizo nataka uzishike. Hakungoja serikali ianze, na hakuifanyia kazi yake yote. Mkizoa kila kitu kimyakimya kila Jumamosi, mwaka ukiisha kuna mtu ofisini ataona mtaa wenu hauhitaji gari. Nimeliona hilo kwa macho yangu, ofisi siitaji.

Kuhusu kibao na faini. Faini huna mamlaka ya kuitoza, na siku ukimtoza wa kwanza utapata kesi badala ya mtaa safi. Kibao nacho kinataka uangalifu. Watafiti wa Groningen, Uholanzi, walifunga vikaratasi kwenye usukani wa baiskeli zilizoegeshwa kwenye uchochoro wenye kibao cha kukataza kuchora ukutani. Ukuta ukiwa safi, 33% ya wenye baiskeli walikitupa kikaratasi chini au kukihamishia baiskeli ya mwingine. Ukuta ule ule ukiwa umechorwachorwa, walifika 69%. Hayo yalichapishwa mwaka 2008. Kibao kilikuwepo siku zote mbili. Kikikaa juu ya uchafu, kibao chako kitawaambia wapita njia kwamba hapa sheria haina mwenyewe. Safisha, hakikisha pamebaki safi mwezi mzima, ndipo uandike, na uandike jambo la manufaa: siku na saa ya gari.

Sasa fanya hivi. Punguza eneo. Acha mtaa mzima, chukua hatua ishirini kutoka kwenye nguzo. Punguza muda pia. Nusu saa, na saa ikifika mnaacha hata kama kuna rundo limebaki. Watu wengi huwakimbia viongozi wa usafi kwa sababu hawajui wataachiwa saa ngapi, na wewe, kwa jinsi unavyoandika, nahisi ni wa kusema "tumalizie na hapa kidogo". Kila anayekuja mpe kitu chake cha kudumu. Mzee apewe mtaro. Akiugua, ataulizia mtaro wake.

Mkeo ana haki ya kuchoka, ameolewa na mtu anayezungumzia jalala mezani. Mwambie nimesema watu hawabadiliki, ila njia za gari hubadilika.

*Shangazi, watoto wangu wawili, wa miaka 9 na 13, wanataka kujiunga na kikundi cha usafi. Kiwanja wanachosafisha kiliwahi kuwa kijiwe cha watumiaji wa dawa za kulevya. Naogopa sindano. Niwakataze?*
*Mama wa Wawili*

Mdogo wangu, kiwanja hicho usiwapeleke mpaka watu wazima wawe wamekipitia hatua kwa hatua, mara mbili, siku mbili tofauti. Hata baada ya hapo, yule wa miaka 9 mpe njia iliyo wazi na makopo, asiingie kichakani. Wa miaka 13 mpe koleo la kuokotea lenye mpini mrefu na usimwondoe machoni.

Sindano haiokotwi kwa vidole hata ukiwa na glovu; glovu nyingi hazizuii ncha. Inashikwa kwa koleo, na chombo kinawekwa chini, hakishikwi na mwenzako. Chombo kiwe kigumu chenye mfuniko wa kukaza, kama dumu la sabuni ya maji. Usijaribu kuirudishia kifuniko chake. Wengi huchomwa hapo hapo. Dumu likijaa robo tatu lifungwe na kupelekwa kituo cha afya, lisitiwe kwenye taka za kawaida. Ikitokea mtu amechomwa, asikamue na asinyonye jeraha. Aoshe kwa maji mengi na sabuni, aende hospitali siku ile ile, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze mapema na hazitolewi baada ya saa 72 kupita. Waulize pia wanakikundi lini walichanjwa pepopunda. Msumari wenye kutu unawachoma wanaojitolea mara nyingi kuliko sindano, ila hauogopwi kwa sababu tumeuzoea.

Jambo jingine ambalo hufundishwi mpaka uumie: mfuko wa taka haukanyagwi ili ushuke, haukumbatiwi, haubebwi ukigusa mguu. Unashikwa shingoni, mkono ukiwa mbali na mwili. Mimi nina alama kwenye paja la kushoto, ndefu kama kidole cha shahada, ya chupa iliyokuwa imelala kimya ndani ya mfuko wa majani makavu. Tangu siku hiyo chupa na vigae vinakwenda kwenye ndoo, na mfuko haujazwi zaidi ya nusu.

Ukikuta dumu lenye kimiminika usichokijua, usilifungue wala kulinusa. Liache, wekeni alama, mwite anayehusika.

*Kuna kiwanja kimetelekezwa katikati ya nyumba zetu. Mwenyewe hajulikani. Kimejaa matairi na mbu. Tunataka kukisafisha tuoteshe mboga. Wengine wanasema tukikigusa tutashtakiwa. Tufanyeje, Shangazi?*
*Jirani wa Matairi*

Wanaokuonya hawajakosea. Kiwanja kisicho na mtu mara nyingi kina mwenyewe mahali fulani, na hujitokeza siku mchicha ukishakomaa. Nendeni ofisi ya ardhi mkaulize kimeandikishwa kwa nani, kisha ombeni ruhusa ya maandishi ya kukitumia kwa muda, hata kama ni ukurasa mmoja. Mwaka 1973 New York, msanii Liz Christy na wenzake waliona kiwanja kilichojaa kifusi kwenye kona ya Bowery na Houston. Walikisafisha, wakaleta udongo, wakatengeneza matuta 60. Lakini karatasi hawakuisahau: mwaka 1974 jiji likawakodisha kwa dola 1 kwa mwezi. Dola moja si pesa, ila risiti yake ni ngao. Bustani ile ipo mpaka leo, na inaitwa kwa jina la Liz Christy.

Matairi yasisubiri ruhusa ya kulima. Hilo ni suala la afya, semeni na bwana afya wenu. Maji yakikaa ndani ya tairi, yai la mbu anayeeneza homa ya dengi linaweza kufika kuwa mbu kamili kwa siku saba hadi kumi. Kumwaga maji peke yake hakutoshi, kwa kuwa mayai yake hugandia kwenye kuta za ndani ya tairi na huvumilia ukavu kwa miezi. Tairi liondoke au litobolewe lisishike maji tena. Msilichome moto, moshi wake ni sumu. Naomba hili mlisome mara mbili, maana kila kikundi kina mtu mmoja mwenye kiberiti.

Kuhusu mboga, punguzeni haraka. Mahali palipowahi kuwa na nyumba iliyobomolewa, gereji au betri zilizotupwa, udongo unaweza kuwa na risasi, ile madini, na haionekani wala hainuki. Upimeni. Mkishindwa kupima, pandeni kwenye makasha yenye udongo mliouleta, au muanze na nyasi na miti.

Na nyasi si jambo dogo. Philadelphia, Marekani, watafiti walichukua viwanja 541 vilivyotelekezwa wakavigawa kwa bahati nasibu. Vingine vikaondolewa taka, vikaoteshwa nyasi na miti michache, vikazungushiwa uzio mfupi wa mbao. Vingine vikaondolewa taka tu. Vingine vikaachwa kama vilivyo. Matokeo yalitoka mwaka 2018. Katika maeneo yaliyo chini ya mstari wa umaskini, matukio ya ufyatuaji risasi karibu na viwanja vilivyofanyiwa kazi yalipungua kwa 29%. Waliokaa karibu na viwanja vyenye nyasi, wale waliosema wanajisikia kuzongwa na huzuni walipungua kwa zaidi ya 41%. Kwenye viwanja vilivyozolewa taka tu, upande huo wa huzuni haukuonyesha badiliko la maana.

Mimi nilichokipenda zaidi ni ule uzio. Mfupi, mtu anaweza kukaa juu yake, na umeachwa uwazi wa kupita kwa miguu. Mpita njia anaingia, ila gari la kumwaga kifusi halipiti. Jengeni wenu hivyo hivyo. Ukuta mrefu utaficha mtakachokipanda, na utamficha vizuri zaidi atakayekuja na matairi mengine.

Miti mtakayopanda mgawane kwa majina kabla hamjachimba mashimo, na maji yake yapangiwe zamu ya miaka miwili. Miti michanga mingi ninayoijua ilikufa kwa kiu wiki ya sita, ikiwa bado na utepe wa sherehe shingoni.

*Shangazi, kuna mfadhili anataka kutusaidia kwenye usafi. Anatoa fulana 100 zenye jina lake na anataka picha tukiwa tumezivaa kabla hatujaanza kazi. Tukubali?*
*Katibu*

Fulana haizoi kifusi. Mshukuru, kisha umwombe toroli mbili zenye gurudumu la mpira mgumu lisilotoboka, mabeleshi sita na glovu nene. Jina lake aliandike ubavuni mwa toroli kwa herufi kubwa atakavyo, na picha apige kazi ikiisha, kila mtu akiwa amechafuka. Toroli letu la kwanza tulilipata hivyo. Bado linasukumwa, jina la aliyelitoa limebaki herufi tatu, na watoto wa mtaa huliita kwa herufi hizo hizo.